Maua freshi au ya plastiki kwa kupamba?

Kila harusi ikikaribia ni vita hivi hivi, mama ataka maua ya kweli, bi harusi naye ashaona steji ya plastiki kwa simu ya shoga yake.

Pesa kwanza. Mawaridi mengi yatoka Naivasha huko bara, kwa hivyo walipa maua na gari pia, na kama hina ni Alhamisi, nikaha Ijumaa na kupamba, ule usiku bi harusi akaa steji atazamwe, Jumamosi basi ujue ni mzigo mpya kila siku, manake kwa joto la kaskazi ua likikaa bila maji mpaka saa nne usiku lishanyauka. Plastiki wakodi mara moja, wahamisha steji ile ile, kazi yake ni vumbi tu, ila mwambie mpambaji akuonyeshe mchana sio usiku chini ya mataa.

Lakini harufu jamani! Asumini, rehani na mkadi ndani ya kikuba, kile kishada cha kunukia wavaacho wanawake, hapo plastiki haina jibu hata uifukize udi.

Uani, Januari, shughuli siku tatu, mimi ningekodi. Ukumbi wenye AC usiku mmoja, haya weka mawaridi. Vikuba lakini agiza vya kweli, tena mapema.