Tahadhari: Fundi aliniuzia alteneta yangu mwenyewe

Ndugu zangu wenye magari, someni hili kabla hamjamwachia mtu gari na kuondoka. Nimeuziwa alteneta, kile kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri gari likiwaka, ambayo tayari ilikuwa yangu. Nimeilipia kama mpya, na ufundi wa kuifunga nikalipa juu yake. Jina la fundi sitaliandika hapa. Ninachotaka ni mjue mchezo unavyochezwa, kwa sababu wanaoucheza ni wengi.

Ilianza asubuhi moja gari lilipokuwa zito kuwaka. Ukizungusha ufunguo, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inajikokota, na mara ya tatu au ya nne ndipo injini inashika. Betri haikuwa ya zamani. Nikalipeleka kwa fundi mmoja anayeuza pia spea, maana watu walimsifu kwa wepesi wa mkono. Hakutoa kipimo chochote. Aliniambia niwashe gari, akafungua boneti, akachomoa teminali moja ya betri huku injini inanguruma. Injini ikazima palepale.

"Umeona mwenyewe, dada. Alteneta imekufa. Ingekuwa nzima, gari lisingezima."

Nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Mtego wenyewe ndio huo. Kuchomoa betri gari likiwa linaunguruma ni mazoea yaliyobaki tangu enzi za magari yasiyo na kompyuta. Katika magari ya sasa betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu na kushuka ovyo, na injini inaweza kuzima hata kama alteneta ni nzima kabisa. Mruko huo huo unaweza kuunguza kompyuta ya gari, redio, au alteneta yenyewe. Kwa hiyo mtu akikufanyia hivyo, hajakuthibitishia ubovu wowote, na huenda ameusababisha. Mzuie mapema. Gari ni lako.

Nikaambiwa niliache, nirudi jioni. Jioni nikakuta alteneta inang'aa, imeshafungwa, na boksi tupu liko juu ya meza. Nilipouliza ya zamani iko wapi, akasema wameshaitupa kwenye vyuma chakavu. Risiti iliandikwa maneno matatu tu: "spea na ufundi". Gari likawaka mara moja, nikaondoka nikimshukuru.

Siku 19 baadaye stata ikaanza tena kujikokota.

Safari hii nilimpigia mjomba, aliyefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi kabla ya kustaafu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, huyo fundi alipima kwa mita?" Nilipomwambia hapana, alikuja na mita yake ndogo ya umeme, ya aina ile ambayo hata mimi ningeweza kuinunua.

Nawaeleza alichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kukifanya. Injini ikiwa imezima, betri ilisoma volti 12.4. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na ikifika 12.2 imebaki karibu nusu, kwa hiyo yangu haikuwa na tatizo kubwa. Akaniambia nizungushe ufunguo huku yeye akitazama mita. Betri dhaifu hushuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Yangu ilibaki juu ya 11, lakini stata ilikuwa inajikokota vilevile. Hapo mjomba akatikisa kichwa. Umeme ulikuwepo kwenye betri, ila ulikuwa haufiki kwenye stata.

Gari lilipowaka, betri ilisoma 12.9, wakati gari la kawaida husoma kati ya 13.8 na 14.5. (Magari mapya mengine hupandisha na kushusha chaji yenyewe, kwa hiyo yasome kwa dakika kadhaa kabla ya kuhukumu.) Fundi mwenye haraka akiona 12.9 anasema alteneta. Mjomba akahamisha waya za mita hadi kwenye alteneta yenyewe, moja kwenye nguzo yake ya kutolea umeme na nyingine kwenye bodi yake. Ilisoma 14.2. Alteneta ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na volti 1.3 zilikuwa zinapotelea njiani.

Akazitafuta. Kipimo kimoja cha mwisho ndicho kilichonifungua macho: waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, gari likiwa linaunguruma. Panapaswa kuwa karibu na sifuri, isizidi 0.2. Palisoma 1.1. Maana yake waya wa ethi, unaounganisha injini na bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri, ulikuwa haupitishi umeme vizuri. Tulipoufungua, chini ya bolti palikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe. Alitangulia kutoa teminali hasi ya betri, akasugua waya na chuma kwa msasa mpaka vikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Betri ikapanda hadi 14.0 na gari likawaka kwa mguso mmoja. Kazi yote haikufika saa moja, na hatukununua spea hata moja.

Nikamuuliza, kama ubovu ulikuwa kwenye waya, mbona gari lilipona kwa siku 19? Akanionyesha kwamba bolti ya waya ule iko karibu kabisa na alteneta. Fundi alipoitoa alteneta aliulegeza waya na kuukaza tena, kutu ikasagika kidogo, umeme ukapita kwa muda. Nafuu hiyo ya siku chache ndiyo inayowalinda watu hawa, maana mteja anaondoka akiwa na furaha, na ubovu ukirudi wanamwambia ni mwingine.

Sasa alteneta. Mwaka jana nilipobadilisha mkanda wa feni nilipiga picha ya injini kwa simu ili nikumbuke mkanda ulivyopita. Kwenye picha hiyo sikio moja la alteneta, pale inapofungwa, limemeguka pembeni. Tukamulika tochi. Sikio la "mpya" lilikuwa limemeguka palepale, kwa umbo lilelile. Rangi ya fedha ilikuwa imeingia kwenye mitaro ya skrubu na juu ya plastiki ya soketi, mahali ambapo kiwandani hapapakwi rangi, na kwa ndani, kwenye waya za shaba, vumbi la zamani lilikuwa bado limeganda. Walikuwa wameiosha kwa nje, wakaipulizia rangi, wakanirudishia.

Nilirudi kwake na picha. Alisema spea za umeme hazina waranti, na kwamba risiti haisemi alteneta. Nikaitazama ile risiti ya maneno matatu na nikaelewa kwa nini iliandikwa vile.

Wengine mchezo huu wanachezewa kupitia taa ya onyo la injini kwenye dashibodi. Fundi anachomeka mashine, anakwambia "sensa zote zimekufa", na namba ya kosa hakuonyeshi. Idai namba. P0301 inasema tu kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta vizuri. Haisemi ni koili (inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi), plagi au sindano ya mafuta. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya kwanza uiweke ya pili, futa kosa, endesha kidogo. Likigeuka P0302, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Likibaki P0301, koili haina kosa, angalia plagi. P0420, inayosema katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) haifanyi kazi vizuri, nayo ina waathirika wengi. Watu wanauziwa katalisti nzima kwa namba hiyo, wakati huenda ekzosi inavuja au sensa ya oksijeni imechoka. Na katalisti yako ya zamani usimwachie mtu hata kama kweli imekufa, kwa sababu ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini yenye thamani kubwa.

Mimi sasa sitoi hela mpaka nione kipimo kabla na baada, na spea ya zamani naondoka nayo ndani ya mfuko. Risiti naiandikisha jina la spea na namba yake. Kabla ya gari kubaki kwa fundi natia alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye alteneta, stata, betri na koili, mahali pasipoonekana kirahisi.

Kama ulibadilishiwa alteneta au stata miezi ya karibuni, chukua tochi, fungua boneti injini ikiwa imepoa, uangalie mitaro ya skrubu. Ukikuta rangi humo ndani, piga picha kabla hujarudi kwake.