Miezi minane na kiunzi cha plastiki cha sentimita 170: uzoefu wangu

Nafundisha anatomia katika chuo cha afya, na kwa muda mrefu darasa langu lilitegemea mchoro mmoja wa ukutani uliopauka rangi. Mwishowe nilitoa pesa mfukoni nikaagiza kiunzi cha mifupa cha plastiki, saizi ya mtu mzima, kinachosimama kwenye stendi yenye magurudumu. Kimekaa nasi miezi minane, wanafunzi wamekishika kila siku, kwa hiyo nina la kusema.

Fuvu lake ni zuri sana. Kofia ya juu inafunguka, taya la chini linacheza kwa springi, na mishono kati ya mfupa na mfupa imechongwa vizuri. Zamani nilikuwa nikisema fuvu lina mifupa 22, wanaandika 22, tunaendelea. Siku hizi wanapitisha kidole kwenye mshono na kuona wenyewe kwamba ni vipande vilivyoshikana. Ukiligeuza unakutana na tundu kubwa linalopitisha ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa binadamu liko chini, karibu na katikati. Kwa sokwe limesogea nyuma. Kwa tundu hilo mtaalamu wa masalia ya kale anaweza kukisia kama mwenye fuvu alikuwa akitembea wima.

Nilipowapeleka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kujifunza habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la jamii ya binadamu ambalo mtafiti Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, hawakuhitaji maelezo mengi. Waliona kishungi cha mfupa utosini wakauliza mbona letu la darasani ni laini. Kishungi kile kilishikilia misuli mizito ya kutafuna, na magego yake makubwa yanaeleza yaliyobaki. Swali hilo lisingekuja kutoka kwenye mchoro.

Uti wa mgongo nao nausifu: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha sakramu (mfupa wa pembetatu ulio kati ya nyonga) na kifandugu, na kati ya pingili kuna visahani vya mpira hivyo unapinda kidogo. Gegedu za mbavu zina rangi yake, kwa hiyo jozi 7 zinazofika kidarini moja kwa moja, 3 zinazoegemea gegedu za wenzake na 2 zinazoelea zinaonekana bila kuhesabu mara mbili.

Sasa kasoro. Kilikuja na nyayo zimebadilishana, dole gumba likiwa upande wa nje pande zote mbili. Aliyegundua ni mwanafunzi, siku ya kwanza. Bisibisi ilimaliza kazi, ila ukipokea chako angalia nyayo kabla ya kusaini. Mfupa wa hioidi, ule wa shingoni unaoshikilia mzizi wa ulimi bila kuungana na mfupa mwingine wowote, haumo kabisa. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono imefungwa waya pamoja, huwezi kumpa mtu mmoja mmoja akautambue kwa kupapasa.

Kinachoniuma zaidi ni nyonga. Ni ya kiume, na tangazo halikusema. Weka kidole gumba kwenye ule mbonyeo mkubwa ulio nyuma ya mfupa wa nyonga: kwenye kiunzi hiki kinabanwa, kwenye nyonga ya kike kwa kawaida kinapata nafasi ya kucheza. Pembe ya chini ya kinena nayo ni nyembamba. Kwa somo la kutambua jinsia ya mifupa hilo ni nusu ya somo. Kwa wanafunzi wa ukunga ni pengo kubwa, kwa sababu njia ya mtoto ndiyo wanayokuja kuisoma. Ilibidi niagize nyonga ya kike peke yake.

Kijitabu chake kina majina ya Kilatini tu. Jioni moja nilikaa na karatasi za kubandika nikaongeza ya kwetu: mtulinga, kidari, kiwiko, muundi, kilegesambwa (kifuniko cha goti, kwa Kilatini patela). Nilikuwa na sababu. Bibi mmoja alimwambia mwanafunzi wangu kwamba kilegesambwa kinamuuma, na kijana, anayeijua patela vizuri kabisa, akaandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya mahali pasipojulikana. Bibi alikuwa ametaja mfupa kwa jina lake sahihi. Tangu nibandike karatasi zile, kila anayeshika mfupa analazimika kutaja majina yote mawili kabla ya kuuachia.

Kwa darasa la watu wengi ningekinunua tena. Kwa mwanafunzi anayesoma peke yake nyumbani, atafute seti ya mifupa iliyoachanishwa, hata ya upande mmoja wa mwili: aweze kuutoa mfupa wa paja (femuri) kwenye begi, kuugeuza, na kujua bila kutazama kama ni wa kulia au wa kushoto.