Sifuri ya karafuu: uzoefu wangu na kozi ambayo wanafunzi husahihishana

Naona watu wanaisifu sana hii kozi ya mtandaoni ya biashara ndogo ndogo. Video fupi, walimu wanaeleweka, unasoma ukiwa kwenu. Kweli tupu, sipingi. Mimi nataka kusema juu ya kusahihishana tu, maana hasira hazijanishuka na bando limeshakata.

Tuliambiwa tuandike safari ya bidhaa moja ya kwetu, kutoka shamba hadi sokoni. Mtu wa Wete, Pemba, niandike nini kama si karafuu? Nikaandika wachumaji wanavyokwea mikarafuu, tunavyokaa usiku kuchambua, makonyo (vile vijiti vya shada) huku karafuu huku, kisha kuanika kwenye majamvi, na wingu likitanda tu nyumba nzima inatoka mbio kuanua. Nikaeleza kuwa kilo tatu za mbichi zikikauka unabaki na kilo moja hivi, na kwamba mnunuzi ni mmoja tu kisheria, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Ukikamatwa unazivusha kwa magendo, hiyo ni kesi.

Sasa, mwongozo wa kusahihishia una swali: je, mwandishi ametaja wanunuzi wasiopungua wawili? Mshaona mambo yanakoelekea. Kati ya watatu walionisahihisha, wawili wakanipa sifuri hapo. Mmoja kaandika "soma swali vizuri", basi. Mwengine ndiye aliyenipandisha mori: ati hakuna nchi yenye mnunuzi mmoja wa zao, nimebuni kwa uvivu wa kutafiti. Mvivu mimi! Mimi niliyeanza kuchambua karafuu kabla sijapelekwa skuli! Na kiungo cha ZSTC nilikiweka pale chini ya kazi. Angekibonyeza angeona.

Halafu alama yako haipatikani kwa kujumlisha na kugawa, wanachukua ile iliyo katikati. Wanasema hiyo ni kinga, mtu mmoja mwenye roho mbaya asikuangushe. Haya, na wakiwa wawili wasiojua? Sifuri, sifuri, kumi: ya katikati ni sifuri. Yule aliyenipa kumi kajisumbua bure. Rufaa hakuna. Nimewaandikia wenye kozi, nikaletewa jibu la mashine la kunishukuru kwa mchango wangu. Mchango gani?

Najua kwa nini wanafanya hivi, si kwamba sielewi. Mwaka 2011 kozi moja ya akili bandia ya walimu wa Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000. Maswali ya kuchagua jibu mashine inayamudu, lakini insha za umati kama huo nani atazisoma kama si wanafunzi wenyewe? Basi angalau mwongozo ungetungwa na mtu aliyewahi kufikiri kwamba duniani kuna Pemba. Nikitulia naona hata ugomvi wangu ni na ule mwongozo, si na watu. Wao wameulizwa wawili, wakahesabu, wakaona mmoja. Hapana. Huyo wa "uvivu" nina ugomvi naye vilevile.

Hapa nilikuwa nimeandika "msijiunge", nimefuta. Nimefuta kwa ajili ya yule wa tatu. Anasema kwao ni Kolombia, wanalima kahawa. Maoni yake marefu kuliko kazi yenyewe, na kila mstari kausoma. Kauliza: mvua ikizinyeshea karafuu jamvini zikaharibika, hasara ni ya mwenye shamba au ya aliyekodi mikarafuu? Wallahi nimefanya kazi na watu wa miradi, wageni na wenyeji, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Kwa msomaji kama huyo ningelipia kozi mara ya pili.

Nikataka kumjibu. Mfumo haukubali! Aliyekusahihisha humjui jina wala humpati. Nyota mbili. Tatu, basi, moja ni ya yule mkulima wa kahawa. Mkijiunga wasilisheni kazi mapema, maana wanaochelewa hukaa wakingoja mtu wa kuwasoma.

Na wewe wa Kolombia, kama kuna atakayekutafsiria haya: hasara ni ya aliyekodi, ndugu yangu. Mwenye shamba keshachukua pesa zake zamani.