Kalamu ya mistari: ipi ununue kwanza kwa kuchora na kwa kaligrafia

Kalamu ya mistari ina ndimi mbili za chuma zinazotazamana, na skrubu ndogo ubavuni. Wino hukaa katikati ya ndimi. Ukikaza skrubu mstari unakuwa mwembamba, ukilegeza unanenepa. Wachora ramani waliitegemea mpaka kalamu za bomba, zile zenye ncha ya kijibomba chembamba cha wino, zilipoenea, hasa baada ya Rapidograph ya kampuni ya Rotring mwaka 1953. Kompyuta zikamalizia. Ndiyo maana leo nzuri nyingi zinauzwa mitumba.

Nafasi ya kwanza naipa hiyo ya mtumba, bila kusita. Tafuta ya Ujerumani au Uswisi: Riefler, Haff, Richter ya Chemnitz, au Kern ya Aarau. Mara nyingi huja kwenye mkebe pamoja na bikari. Lakini kabla ya kulipia jina, tazama ncha. Kaza skrubu hadi ndimi zigusane, kisha ziinue kwenye mwanga: ziwe na urefu mmoja na zimeviringwa sawasawa. Ulimi mmoja ukizidi, kalamu itakwaruza karatasi na wino hautashuka vizuri. Tofauti ndogo inarekebishika kwa kinoo laini chenye mafuta. Noa upande wa nje tu. Kutu iliyokula chuma kwa ndani, karibu na ncha, hairekebishiki. Iache.

Naipenda kwa sababu inafanya kazi zote mbili: kuchora na kaligrafia, yaani mwandiko wa sanaa. Kwenye rula inatoa mstari safi kabisa. Ilaze ubavu, ivute kwa kasi, na herufi inaanza nyembamba, inapanuka ghafla, inakatikakatika kwenye karatasi ya mparuzo. Upana unatokana na mlalo na mwendo wa mkono wako, jambo ambalo nibu ya kawaida haiwezi kukupa kwa kiasi hicho.

Ya pili ni ile iliyotengenezwa makusudi kwa kaligrafia, yenye ulimi mpana uliopinda. Inabeba wino mwingi na mapigo yake ya wino ni makubwa, ya kupendeza mno kwenye bango. Kwenye rula haifai. Bei yake nayo ni ya juu, kwa hiyo jaribu kwanza kukata kipande cha kopo la soda, kikunje, ukifunge kwenye kijiti. Bati hilo huchakaa upesi, ila litakuonyesha kama mkono wako unautaka mwandiko wa aina hii.

Ya tatu, kalamu ya Kiswidi: ndimi pana, wino wa kutosha mistari mirefu ya fremu na ramani. Kwa herufi ni nzito.

Mpya za bei rahisi za mkebe wa shule naziweka mwisho. Chuma chake ni laini na ncha nyingi hazikutani.

Wino utie kwa brashi katikati ya ndimi, kama milimita 6 tu. Ukizidisha utadondoka tone zima. Unapotumia rula usichovye, maana wino wa nje huvujia chini yake. Kwa herufi, chovya upendavyo. Gwashi, ile rangi nzito ya maji, iliyolegezwa kwa maji inateleza vizuri sana. Wino mweusi wa Kihindi hukauka haraka, hivyo pitisha kitambaa katikati ya ndimi kila baada ya muda mfupi, na ulegeze skrubu kabla ya kuihifadhi ili chuma kisipoteze mnepo.