Gripu ya mbele ya M-LOK, nyota 3 tu

Niko Texas, nina AR yangu (bunduki aina ya raifo) ya kulengea shabaha wikendi. Juzi nikabadilisha handigadi (ganda linalozunguka mtutu, pale unaposhika kwa mbele) nikaweka ile nyembamba ya M-LOK, yaani yenye matundu ya kufungia vifaa, ndo kasheshe ikaanza, maana gripu (kishikio cha mkono wa mbele) niliyoagiza wameandika inakaa kwenye M-LOK yoyote ile, kumbe mgongo wake bapa na mpana, inagusa katikati tu pembeni hewa, inacheza kama jino bovu, na skrubu nazo ndefu kidogo zinagusa mtutu. Basi nikahakikisha chemba haina kitu (nilicheki mara mbili, mnicheke tu), nikazungushia msasa namba 120 kwenye handigadi yenyewe nikasugua gripu juu yake taratiiibu mpaka mgongo ukachukua umbo la handigadi. Vaeni barakoa, vumbi la plastiki lile si mchezo. Skrubu nikapunguza na tupa, nikaweka tone la gundi ya bluu (ile ya kuzuia skrubu zisilegee), kaza polepole mpaka zile nati za T zinazoingia kwenye matundu zigeuke robo mzunguko zishike, ukikaza kwa hasira plastiki inapasuka. Sasa imetulia tuli, risasi mia mbili haijasogea. Ila jamani, dola 30 halafu nimalizie kazi mwenyewe?