Koti la kuogea nililonunua mjini: linafunga ukisimama tu

Nianze na kilichoniudhi, mengine yatakuja yenyewe. Nilimwuliza chalii wa duka, kwa adabu kabisa, kama naweza kulivaa lile koti la taulo juu ya shati nione linavyonikaa. Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Mzee, hii ni kama chupi, haijaribiwi. Kwani unamchukulia mama?" Nikamwambia ni langu. "Aah, basi beba tu, hiyo ni frisaizi." Dada wawili waliokuwa wanachagua mashuka wakageuka kunitazama mimi, si yeye.

Ingekuwa mwezi wa kwanza ningewaachia koti lao. Ila ilikuwa ndani ya kipupwe, mwezi wa sita au wa saba huko, siku zile Mlima Meru hauonekani na manyunyu ya asubuhi hayakati. Mimi nakaa Ngarenaro hapa Arusha, nyumba ya wapangaji, bafu liko nyuma ya ua. Kutoka bafuni hadi mlangoni kwangu ni hatua kama ishirini, na saa kumi na moja na nusu alfajiri akina mama wameshawasha majiko ya mkaa. Mtu mzima unapita hapo na taulo kiunoni, mkono mmoja una ndoo, mwingine umeshikilia taulo lisikuaibishe. "Shikamoo baba." "Marahaba." Meno yanagongana. Msuli nilijaribu, ukilowa unanata miguuni. Shuka la Kimaasai lina joto, sibishi, lakini halinywi maji, unafika ndani bado unachuruzika.

Kwa hiyo nikatoa elfu sabini na tano. Nililipa kwa hasira, kama vile namkomoa yule kijana, ndiyo maana sikulichunguza.

Nyumbani nimesimama mbele ya kioo, bwana mkubwa! Nimekaa, upande mmoja ukaenda mashariki, mwingine magharibi, tumbo na mapaja yakabaki wazi kama duka lililofunguliwa milango yote miwili. Asubuhi ya pili nikakaa kwenye kigoda uani kupiga viatu kiwi, nimejisahau. Mama wa chumba cha tatu alikuwa anakuja na sufuria yake. Aligeuka akasalimia ukuta.

Nikalirudisha. Wakanionyesha karatasi iliyobandikwa pale kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na chalii yule yule, bado ana tabasamu lake: "Mzee, si uliliona kabla hujalipa?" Niliona! Niliona limetundikwa kwenye henga! Henga haina tumbo, na henga haikai kitako. Hapo ndipo palipo tatizo lote. Nguo hii mtu haivai ili asimame. Unaivaa unywe chai, ufunge kamba za viatu, uiname kuokota sabuni. Kama dukani hawakuruhusu ukalie hata boksi ukiwa nalo mwilini, uone pande mbili zinapishana walau kiganja kizima juu ya paja, ondoka. Tena ya pamba huwa inarudi kidogo ikifuliwa, kwa hiyo hicho kiganja ongeza vidole viwili.

Halafu ile "unamchukulia mama". Shati la kiume vifungo viko kulia, la kike kushoto, hilo hata mtoto wa fundi analijua. Koti la mkanda halina kifungo hata kimoja, unalikunja upande unaotaka. Sasa kwamba ni la kike ameonea wapi?

Nisiwe mwongo, kitambaa chenyewe ni kizuri. Ni pamba ile yenye vitanzi vidogo vidogo, unalivaa umelowa na ukifika mlangoni umeshakauka. Yapo yale mengine laini kama blanketi la mtoto, yanavutia kweli kuyashika, lakini ni plastiki tu, yanakusambazia maji mgongoni badala ya kuyanywa. Nilinusurika nayo kidogo tu, rangi yake sikuipenda. Mikono ya hili langu ni mipana mno, imeshachovya kwenye chai mara mbili. Siku hizi naikunja.

Mwishowe nikalipeleka kwa fundi wangu kule Kilombero, hapa hapa Arusha. Akachukua taulo kuukuu la bluu, akaongeza kipande kila upande kwa mbele, akashusha vishikio vya mkanda, na kwa ndani akaweka kamba ndogo ya kufunga ubavuni. Elfu nane. Alipokuwa anafumua shingoni akanyamaza, akaniita niangalie. Chini ya lebo ya XL kulikuwa na lebo nyingine imeshonewa humo humo. M. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedeli, na mimi nikacheka, sikujua nifanye nini kingine.

Sasa nalivaa kila siku. Lina mistari miwili ya bluu kama nguo ya timu, lakini nakaa nalo kigodani na mama wa chumba cha tatu ananisalimia mimi, si ukuta. Nilipoanza kuandika nilitaka niseme msilinunue kabisa. Ukiniuliza saa hii nitakuambia katika nguo zangu zote hakuna ninayoipenda kama hii, nenda kachukue, kama wewe ni mwembamba hata fundi hutamhitaji... Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, na ile lebo, hapana. Kanunueni kwingine. Au nunueni kitambaa, fundi atawashonea.

Lingine nimelijua wiki hii. Nililifua juzi, liko kwenye kamba mpaka sasa, zito kama ndama, na jua hakuna. Leo asubuhi nimevuka ua na taulo.