Treni za NJ Transit kuvuka Mto Hudson: mabehewa mazuri, njia finyu

Mabehewa ya ghorofa mbili ya NJ Transit, shirika la usafiri wa umma la jimbo la New Jersey, yanastahili sifa: viti viwili kila upande, hakuna kubanwa katikati kama kwenye yale ya zamani ya viti vitatu. Tatizo liko chini ya mto. Kati ya New Jersey na Penn Station, kituo kikuu cha treni jijini New York, kuna mahandaki mawili tu, yaliyofunguliwa mwaka 1910, kila moja na reli moja. Saa za msongamano zinaweza kupita takriban treni 24 kwa saa kila upande. Handaki moja likifungwa, zinabaki kama 6, kwa kuwa treni za kwenda na za kurudi lazima zipokezane reli moja.

Na kufungwa si jambo la nadra. Kimbunga Sandy cha 2012 kiliyajaza maji ya bahari, na chumvi iliyobaki bado inakula zege na nyaya za umeme. Kabla ya kufika Mto Hudson, kwa zaidi ya karne moja treni zimepita Portal Bridge, daraja la 1910 juu ya Mto Hackensack, linalozunguka kupisha vyombo vya majini. Kila lilipokataa kujifunga sawasawa baada ya kurudi, msafara mzima ulisimama.

Ukikuta njia ya Penn Station imekwama, nenda Hoboken, kituo kilicho upande wa New Jersey, kisha panda PATH, treni za kwenda Manhattan zenye mahandaki yake yenyewe.

Mradi wa Gateway unaongeza mahandaki mawili mapya, ndipo ya zamani yakarabatiwe. Mradi uliotangulia wa mahandaki mapya, ARC, ulifutwa mwaka 2010, na abiria wanalipia uamuzi ule kila asubuhi.